Utepe Ukishakatwa: Nani Hutunza Barabara, Mitaro na Taa za Jiji la Eldoret?

Agosti 15, 2024, Rais William Ruto alikabidhi hati iliyoufanya mji wa Eldoret kuwa jiji la tano nchini Kenya, baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Ilikuwa siku ya shangwe. Mji ulioanza kama posta ndogo kwenye Shamba Nambari 64, hata wenyeji wakauita Sisibo kwa kuitamka nambari hiyo ya Kiingereza kwa lafudhi yao, ulikuwa umefika daraja la juu kabisa la maeneo ya miji nchini.

Hata hivyo, kesho yake asubuhi mama mboga wa Langas alipita kando ya mtaro ule ule, mhudumu wa boda boda wa Huruma akakwepa mashimo yale yale, na mwenye duka barabara ya Oginga Odinga akafungua mlango chini ya taa ile ile ya barabarani. Hati ya jiji haizibui mtaro. Haileti balbu mpya wala haizibi shimo. Inachofanya ni kuweka bayana ni nani anayepaswa kufanya kazi hiyo na ni nani wa kuulizwa isipofanyika.

Mtu huyo ni meneja wa jiji. Wakazi wengi wanamjua gavana, wanamjua mwakilishi wao wa wadi, na wanalijua jina la mbunge. Si wengi wanaojua kwamba sheria inamtambua afisa ambaye kazi yake ya kila siku ni kuhakikisha kuwa kilichojengwa jana kinafanya kazi leo na kitaendelea kufanya kazi miaka ishirini ijayo. Makala haya yanaeleza afisa huyo ni nani, anatunza nini, kwa pesa gani, na mkazi anawezaje kumfuatilia.

Kutoka karani wa mji hadi meneja wa jiji

Kabla ya ugatuzi, Eldoret ilisimamiwa na baraza la manispaa. Madiwani waliochaguliwa walipitisha maazimio, naye karani wa mji akayatekeleza. Mabaraza hayo yalifika kikomo baada ya uchaguzi mkuu wa Machi 2013, serikali za kaunti zilipoanza kazi. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 184, ilitaka itungwe sheria ya kitaifa ya kusimamia maeneo ya miji na majiji. Sheria hiyo ilitungwa mwaka 2011 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2019. Miongoni mwa mabadiliko hayo, idadi ya watu inayohitajika ili mji uwe jiji ilipunguzwa kutoka 500,000 hadi 250,000. Katika sensa ya 2019, Eldoret ilikuwa na watu 475,716, na kwa hiyo mlango ukafunguka.

Chini ya sheria hiyo, jiji halina meya anayechaguliwa kwa kura. Linasimamiwa na bodi kwa niaba ya serikali ya kaunti. Baadhi ya wanachama wa bodi hupendekezwa na makundi ya jamii: wataalamu, sekta ya kibinafsi, wafanyabiashara wa sekta isiyo rasmi na vyama vya wakazi. Bodi ndiyo inayotoa mwelekeo. Meneja ndiye anayetekeleza maamuzi yake na kuwajibika kwake. Meneja huajiriwa na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti kwa njia ya ushindani, na sheria inamtaka awe na shahada pamoja na uzoefu wa miaka isiyopungua mitano katika utawala au usimamizi.

Mpango huu haukuanzia Kenya. Mji mdogo wa Staunton katika jimbo la Virginia, Marekani, unatajwa kuwa wa kwanza kuajiri meneja wa aina hii, mwaka 1908. Miaka michache baadaye jiji la Dayton, Ohio, lilikumbwa na mafuriko makubwa mwaka 1913, na mwaka uliofuata likawa na meneja wake. Wazo lilikuwa rahisi: maamuzi ya kisiasa yabaki kwa viongozi waliochaguliwa, lakini mabomba, mitaro, barabara na hesabu zishikwe na mtaalamu ambaye hahesabu miaka iliyobaki kabla ya uchaguzi. Barabara huishi kuliko muhula wa kiongozi yeyote, na mtunzaji wake anahitaji kuangalia mbali kuliko muhula huo.

Si kila kitu ni cha jiji

Malalamiko mengi ya wakazi hupotelea njiani kwa sababu yanapelekwa kwa ofisi isiyohusika. Ni vyema kujua nani hutunza nini.

Jedwali la Nne la Katiba linazipa kaunti jukumu la barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho, mitaro ya maji ya mvua, uzoaji taka na madampo, masoko, huduma za zimamoto, pamoja na maji na usafi. Ndani ya mipaka ya jiji, kaunti hukabidhi bodi na meneja sehemu ya kazi hizo.

Barabara kuu ambayo wakazi wanaijua kama Uganda Road inapopita katikati ya jiji ni ya taifa na iko chini ya Mamlaka ya Barabara Kuu, KeNHA. Zipo pia barabara za mijini zinazosimamiwa na Mamlaka ya Barabara za Mijini, KURA. Mamlaka hizi ziliundwa kwa Sheria ya Barabara ya 2007, kabla ya ugatuzi. Ndiyo maana shimo moja linaweza kuwa la kaunti na lingine, hatua mia moja mbele, likawa la serikali ya kitaifa.

Maji ya mfereji na maji taka yanashughulikiwa na Kampuni ya Maji na Usafi ya Eldoret, ELDOWAS, inayodhibitiwa na WASREB chini ya Sheria ya Maji ya 2016. Sehemu ya maji hayo husafiri kutoka bwawa la Chebara katika kaunti jirani ya Elgeyo Marakwet. Nguzo na nyaya za umeme ni za Kenya Power. Uwanja wa ndege wa Eldoret uko chini ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi ni taasisi ya kitaifa.

Meneja wa jiji basi hamiliki kila kitu kinachoonekana jijini. Lakini ndiye anayetarajiwa kuwaita wote hao kwenye meza moja. Moto ukizuka sokoni, gari la zimamoto ni la kaunti, maji yanayohitajika ni ya kampuni ya maji, umeme unaopaswa kukatwa ni wa Kenya Power, na njia ya kupitia huenda imezibwa na vibanda. Bomba la zimamoto lililofunikwa na lami wakati wa ukarabati wa barabara halina msaada wowote. Hakuna ofisi moja kati ya hizo inayoweza kuliona tatizo hilo lote peke yake. Kuliona ni kazi ya meneja.

Kipya kinyemi

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Jengo jipya lina picha, lina hotuba, lina bamba lenye jina. Hakuna anayealikwa kuja kukata utepe wa mtaro uliozibuliwa au paa lililozibwa kabla halijavuja. Hilo ni jambo la kawaida kote duniani, na gharama yake inajulikana.

Ripoti ya Maendeleo ya Dunia ya mwaka 1994, iliyotolewa na Benki ya Dunia, ilikadiria kuwa iwapo nchi za Afrika zingetumia dola bilioni 12 kutunza barabara zake kwa wakati katika muongo uliotangulia, zingeepuka gharama ya dola bilioni 45 za kuzijenga upya. Hesabu hiyo ina sababu ya kihandisi ambayo kila dereva wa Eldoret anaweza kuielewa. Adui mkubwa wa lami ni maji. Ufa mdogo ukiachwa wazi, maji hupenya hadi kwenye tabaka la mawe na udongo lililo chini. Tabaka hilo likilowa hulegea, lori likipita lami hubonyea, na bonyeo huwa shimo. Ukiziba ufa ukiwa mdogo, unatumia lami kidogo na vibarua wachache. Ukisubiri, unachimba barabara yote na kuanza upya. Methali ya ufa na ukuta inafahamika hata kwa mtoto wa shule ya msingi. Kazi iliyobaki ni kuiingiza kwenye bajeti.

Hapo ndipo ugumu unapoanza. Bajeti ya kaunti ina sehemu mbili: matumizi ya maendeleo na matumizi ya kawaida. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwa maendeleo. Kanuni za 2015 chini ya sheria hiyo zinaweka kikomo cha asilimia 35 ya mapato kwa mishahara na marupurupu. Masharti haya yana nia njema, kwani yanazuia pesa zote kuishia kwenye mishahara. Lakini kujenga barabara ni maendeleo, ilhali kuifagia, kuzibua mitaro yake, kulipia umeme wa taa zake na kubadilisha balbu ni matumizi ya kawaida. Utunzaji unajikuta kwenye kapu moja na mishahara, mafuta ya magari, dawa za hospitali na bili za ofisi, na kila kitu katika kapu hilo kina mtu anayekidai kwa sauti kubwa kuliko mtaro.

Chukua mfano wa taa ndefu za mulika mwizi. Kusimamisha mlingoti ni mradi wa maendeleo unaoonekana kutoka mbali. Kuanzia usiku wa kwanza, mlingoti huo unakula umeme, na bili inakuja kila mwezi. Baada ya muda balbu zitaungua, na kuzifikia kunahitaji gari lenye ngazi na fundi. Iwapo hakuna aliyeziandika gharama hizo kabla ya mlingoti kusimama, giza litarudi, na wenye vibanda vya chini yake watafunga mapema kama zamani. Hasara hiyo haionekani katika hesabu za kaunti. Inaonekana kwenye kibeti cha mwenye kibanda.

Kazi ya meneja, hatua kwa hatua

Hatua ya kwanza ni kujua jiji lina nini. Mali bila daftari huisha bila habari. Meneja anahitaji sajili inayoonyesha kila barabara na urefu wake, kila kalavati, kila taa, soko, choo cha umma na gari la zimamoto. Kilijengwa lini, kiko katika hali gani na kinatarajiwa kudumu hadi lini. Kazi hii ni nzito zaidi kwa kaunti zilizorithi mali za mabaraza ya zamani, kwa sababu stakabadhi nyingi zilipitia mikono mingi wakati wa mpito. Imekuwa muhimu zaidi sasa, kwa kuwa kuanzia mwaka wa fedha wa 2024/2025 serikali nchini ilianza kuhama kutoka hesabu za pesa taslimu kwenda mfumo unaonakili pia mali na madeni. Chini ya mfumo wa zamani, soko likishajengwa na kulipiwa, hesabu yake ilifungwa. Chini ya mfumo mpya, soko hilo linabaki vitabuni kama mali inayochakaa mwaka hadi mwaka. Uchakavu uliokuwa ukionekana kwa macho tu sasa utaonekana pia katika hesabu.

Hatua ya pili ni kupanga. Sheria inataka kila jiji liwe na mpango jumuishi wa maendeleo unaooana na ule wa kaunti. Mpango mzuri hautaji miradi mipya pekee. Unaeleza pia kilichopo kitatunzwaje. Wahandisi hugawanya utunzaji katika aina tatu: wa kila mara, kama kufyeka nyasi na kuzibua mitaro, wa vipindi, kama kuweka tabaka jipya la lami baada ya miaka kadhaa, na wa dharura, kama daraja likisombwa. Jiji lililozembea aina mbili za kwanza hutumia pesa zake zote kwenye ya tatu.

Hatua ya tatu ni kusimamia mikataba. Mwanakandarasi akimaliza kazi, huwa kuna kipindi, mara nyingi miezi sita hadi kumi na miwili, ambacho anapaswa kurekebisha kasoro kwa gharama yake, na sehemu ya malipo yake huzuiliwa hadi kipindi hicho kiishe. Kinga hii ina faida tu iwapo kuna mtu anayekagua kabla ya siku ya mwisho. Lami ikianza kubanduka mwezi wa tano na hakuna aliyeandika barua, mwezi wa kumi na tatu mzigo ni wa mlipa kodi.

Hatua ya nne ni kukataa. Hii ndiyo ngumu kuliko zote. Kabla ya mradi kuidhinishwa, meneja anapaswa kuuliza: nani atalipia umeme, maji, ulinzi na usafi wa jengo hili likishafunguliwa? Choo cha umma kisicho na maji hufungwa kwa kufuli baada ya miezi michache, na pesa zilizokijenga zinakuwa zimezikwa. Afisa anayeshauri kwamba soko moja la zamani likarabatiwe badala ya kujenga mawili mapya hatapigiwa makofi siku hiyo. Huenda akakumbukwa miaka kumi baadaye, wenye soko wakiwa bado wanauza chini ya paa lisilovuja.

Kalenda ya mvua na kalenda ya bajeti

Ipo changamoto inayoikabili Eldoret zaidi ya miji ya nyanda kavu. Mvua katika Uasin Gishu kwa kawaida huanza Machi au Aprili na kuendelea, kwa kupanda na kushuka, hadi Septemba. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Kalenda hizi mbili hazipatani.

Bajeti mpya inapoanza kutumika Julai, mvua ingali inanyesha. Taratibu za zabuni huchukua wiki kadhaa hata zikienda bila pingamizi. Pesa kutoka Hazina ya Kitaifa nazo zimekuwa zikichelewa mara kwa mara. Kazi ya mitaro ikikosa kuanza kati ya Oktoba na Februari, wakati wa kiangazi, mwanakandarasi atafika eneo la kazi Aprili pamoja na mvua. Saruji itamwagwa kwenye tope na moramu itasombwa wiki ile ile. Mwezi Mei na Juni kutakuwa na haraka ya kutumia pesa kabla mwaka wa fedha haujafungwa, katika miezi ambayo hali ya hewa hairuhusu kazi nzuri.

Njia ya kuepuka hilo inajulikana. Mikataba ya utunzaji inaweza kufanywa kwa zaidi ya mwaka mmoja, ili mwanakandarasi awe tayari ameshapatikana kiangazi kinapoanza. Kazi ndogo za kuzibua zinaweza kufanywa na vikosi vya jiji lenyewe bila kusubiri zabuni. Na orodha ya mitaro inayofurika kila mwaka, ambayo kila mkazi wa mtaa husika anaijua kwa kichwa, inapaswa kuwa mezani kwa meneja ifikapo Septemba, si Aprili.

Pesa zinatoka wapi

Hadhi ya jiji haiji na mfuko wake wa pesa. Jiji hugharimiwa kupitia bajeti ya kaunti, ambayo hutegemea mgao kutoka kwa serikali ya kitaifa na mapato ya ndani: kodi ya ardhi na viwanja, leseni za biashara, ada za maegesho na ada za masoko. Kifungu cha 209 cha Katiba kinazipa kaunti mamlaka ya kutoza kodi ya mali. Mapato haya ya ndani ndiyo yanayofaa zaidi kwa utunzaji, kwa sababu yanaingia mwaka mzima na hayangoji Nairobi.

Ipo pia misaada yenye masharti. Mpango wa Kustawisha Miji nchini, KUSP, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ulifikia maeneo 59 ya miji katika awamu yake ya kwanza, Eldoret ikiwemo. Pesa hizo zilifungamanishwa na masharti ya usimamizi, kama vile mji kuwa na hati, bodi na meneja wake. Somo lake ni kwamba ofisi ya meneja si pambo. Isipokuwepo, pesa haziji.

Kwa barabara, kila lita ya petroli au dizeli inayouzwa nchini hutozwa ushuru wa utunzaji wa barabara, uliopandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 mwezi Julai 2024. Mhudumu wa boda boda anayejaza lita mbili anachangia shilingi 50. Mgao wa kaunti katika hazina hiyo umekuwa ukizua mvutano kati ya ngazi mbili za serikali, na matokeo yake yanagusa moja kwa moja uwezo wa majiji kutunza barabara za mitaani.

Upande wa maji, pesa hupotea chini ya ardhi. Kwa miaka mingi ripoti za WASREB zimeonyesha kuwa kampuni za maji nchini kwa jumla hupoteza zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa, kupitia mabomba yanayovuja, miunganisho haramu na mita mbovu. Maji hayo yamesafishwa kwa dawa na umeme uliolipiwa. Kubadilisha bomba kuukuu huokoa maji bila kujenga bwawa jipya.

Sehemu ya mkazi

Sheria ya miji na majiji haimwachi mkazi nje. Inaweka majukwaa ya wakazi, ambapo watu wa jiji wanaweza kujadili huduma, kutoa mapendekezo kuhusu bajeti na kupata majibu kutoka kwa wasimamizi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 nayo inampa kila raia haki ya kuomba taarifa kutoka kwa ofisi ya umma na kujibiwa ndani ya siku 21. Mkazi anaweza kuuliza: barabara ya mtaa wetu ni ya nani, mkataba wake ulitolewa kwa nani, na kipindi cha mwanakandarasi kurekebisha kasoro kinaisha lini? Akinyimwa jibu, anaweza kukata rufaa kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Tarehe nne zinafaa kubandikwa ukutani. Kufikia Septemba 1, kaunti huwasilisha mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata katika bunge la kaunti. Kufikia Februari 28, huwasilisha waraka wa mkakati wa fedha unaoweka viwango vya matumizi ya kila idara. Kufikia Aprili 30, makadirio ya bajeti huwa bungeni. Juni 30, mwaka wa fedha hufungwa. Anayejitokeza Mei kulalamika kuhusu mtaro hakuchelewa kulalamika, lakini amechelewa kuuingiza mtaro huo kwenye bajeti. Wakati mwafaka ni mikutano ya ushirikishwaji wa umma inayofanyika kabla ya Septemba na kabla ya Februari. Na katika mikutano hiyo, pamoja na kuomba mradi mpya, ni vyema mkazi aulize swali moja: kilichojengwa mwaka jana kimetengewa kiasi gani cha kukitunza?

Upo pia wajibu usiohitaji mkutano. Mitaro mingi haizibwi na mvua bali na taka zinazotupwa humo. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inamtaka kila mtu atenganishe taka zake zinakotoka, na kutupa taka ovyo ni kosa. Kibanda kilichojengwa juu ya mtaro humzuia mzibuaji kuufikia. Mfuniko wa chuma wa shimo la maji taka ukiibwa na kuuzwa kama chuma chakavu, huacha mtego kwa mtoto anayetoka shule. Meneja anaweza kurudisha mfuniko huo, lakini pesa za kuununua mara ya pili ni zile ambazo zingewasha taa mtaa wa jirani.

Jiji la Eldoret limesimama kando ya mto Sosiani, kwenye nyanda zilizozoea mvua nyingi. Mvua hizo zitarudi Machi ijayo au Aprili, na zitaingia katika kila ufa ulioachwa wazi. Kipimo cha jiji hili, na cha ofisi iliyopewa kulitunza, kitakuwa hali ya mitaro wiki ya kwanza ya mvua: kama maji yatafuata njia iliyochimbwa na kuelekea mtoni, au kama yatapanda barabarani na kuingia kwenye maduka.